Ataenda na Atarudi

Mwalimu wa Kitengo hakuwahi kuingia nyumbani kwangu bila kunitukana kwanza, isipokuwa siku moja tu. Alikuwa akisimama nje ya uzio wa makuti, anapiga hodi ya heshima kabisa, anasubiri mpaka aitikiwe, na akishaweka mguu ndani tu ananiuliza kwa nini Wamwera wote wananuka moshi. Yeye Mmakonde, mimi Mmwera, na sisi ni watani tangu enzi za mababu, kwa hiyo sikuwa na pa kumshtaki. Mtani akikutukana unacheka, na ukiweza unamrudishia. Mimi nilikuwa namwambia kwamba mtu ambaye kwao panya wa shambani ni kitoweo cha sikukuu asinifundishe habari za harufu. Hapo tunakuwa tumeshasalimiana, na mke wangu analeta mkeka.

Kitengo ni darasa la watoto waliochelewa. Kuna aliyechelewa kukaa, aliyechelewa kutembea, aliyechelewa kusema, na aliyechelewa vyote. Hapa Kilwa Kivinje darasa hilo lilikuwa na mlango wake peke yake na mwalimu wake peke yake, na huyo mwalimu hakuna aliyemwita kwa jina. Wauza samaki walimwita Mwalimu wa Kitengo, imamu alimwita hivyo, na nadhani hata mama yake mzazi angekuja kumuulizia kwa jina la ubatizo angerudi Newala bila kumwona.

Mimi nauza nyama. Nina bucha dogo la bati na mizani, na watu wanasema nina hasira, jambo ambalo si kweli, ila wao ndio wanapenda kuniambia nyama ina mifupa. Ng'ombe ana mifupa, nifanyeje? Katika watoto wangu watatu, wa mwisho ni Saida. Wakati ninaousimulia alikuwa na miaka sita, hasemi neno, ukimwita hageuki, na ana miguu. Hiyo miguu ndiyo iliyotuletea balaa. Ukiinama kupima nusu kilo, ukiinuka Saida hayupo. Tulimwokota kwenye mikoko. Tulimwokota ndani ya magofu ya Mjerumani, amekaa dirishani miguu nje. Siku moja tulimkuta Kilwa Masoko, ameshuka kwenye gari na abiria wengine, na konda anatudai nauli. Mke wangu alikonda mpaka pete ikawa inamvuka kidoleni.

Ndipo dada yangu mkubwa alipoleta neno. Dada analima Tingi, na ndiye aliyenilea baada ya mama yetu kufariki, kwa hiyo neno lake kwangu si ushauri. Alisema mvua zikikatika anakuja kumchukua Saida. Kwake kuna ua wa nyuma wenye mlango wa komeo. Mtoto atakaa humo, atakula, atalala, hatazama baharini. Dada si mtu mbaya. Alisema kwa mapenzi, na hilo ndilo lililonitisha, maana mtu mbaya ningejua namna ya kumkatalia.

Nilimwendea Mwalimu wa Kitengo nikiwa na lengo langu tayari. Huko kitengoni kila mtoto huwekewa malengo yake peke yake, si ya darasa zima, na mzazi huitwa kushauriana. Nikamwambia nataka Saida aseme "baba". Dada akisikia neno hilo moja tu, hamchukui.

"Hilo ni lengo lako wewe," akasema. "Mimi naandika la mtoto. Mtoto anapenda nini?"

"Kutoroka."

"Haya, tuanzie hapo hapo. Kwenda ameshafaulu, tena vizuri sana. Bado kurudi."

Nilidhani ananitania. Alikuwa hatanii. Alisema Saida harandi, ila hana shughuli, na mtu mwenye miguu asiye na shughuli ataitafuta popote ilipo. Basi mtoto atumwe. Na kweli, nikakaa nikafikiria: kwetu huku mtoto akijua kusimama tu ameshatumwa kiberiti kwa jirani. Mtoto anatumwa kabla hajajua kujipangusa kamasi, na huko kutumwa ndiko kunakomfanya awe mtoto wa watu. Saida hakuna aliyewahi kumtuma hata kijiko. Tulikuwa tunamfuata, tunamkamata, tunamfungia, lakini kumtuma hapana. Nilipolitambua hilo liliniuma, na linaniuma hata sasa ninapolisema.

Lengo likawa kwamba Saida ataenda kwa jirani kuchukua chumvi, na atarudi nayo. Mwalimu wa Kitengo hakuliweka kwenye faili likaozea huko. Alikuja na chaki akaliandika kwenye mlango wangu wa mbele, kwa herufi za kusomeka mpaka barabarani: SAIDA ATAENDA NA ATARUDI. Alikuwa akiandika hivyo kwenye milango ya wazazi wote. Matokeo yake, kesho yake asubuhi mzee mmoja mcha Mungu, ambaye macho yake yaliishia kwenye kwenda na kurudi, akaja kunipongeza kwa safari ya Makka, akaniomba nimletee maji ya zamzam. Baadaye wakaja wanawake wawili na kanga zao kichwani kunipa pole, maana wao walielewa kwamba Saida ni mke wangu, na kaondoka kwa ugomvi. Nilitaka kufuta. Mke wangu akanizuia, akasema safari hii angalau watu wanamtaja mtoto kwa jina.

Kwa Mwalimu wa Kitengo, lengo ambalo jirani hawezi kuliona halikuwa lengo, lilikuwa dua. "Dua peleka msikitini," alikuwa akisema, "au kanisani kwetu, tutakupokelea." Methali alizipiga marufuku kabisa. Mzazi akijisahau akasema haba na haba hujaza kibaba, anamdaka: haba ipi? Nionyeshe haba yenyewe, iko mkono upi? Mama mmoja kutoka Songo Songo alitaka mwanawe ahesabu mpaka mia kabla ya Idi. Yule mtoto alikuwa anakula kila unachompa, hata ganda la ndizi, kwa sababu hakujua kwamba kitu kinaweza kukataliwa. Mwalimu wa Kitengo akamwandikia lengo la kukataa uji. Wiki nzima wakampikia uji mbaya. Usio na sukari, akanywa. Ulioungua, akanywa akalamba bakuli. Wenye ndimu, akanywa akitazama watu kwa furaha. Mwalimu mwenyewe alikuwa anauonja kwanza, kwa kuwa alisema si haki kumpa mtoto usichoweza kukimeza, na akashikwa na tumbo akalala siku mbili. Aliporudi, akampa uji wa kawaida, mtamu, na yule mtoto akausukuma kwa kiganja. Alikuwa ameshiba tu. Mama yake akapiga vigelegele, kitengo kizima kikaitikia, na waliopita nje wakauliza harusi ni ya nani.

Halafu kulikuwa na suala la shahidi. Mzazi haaminiki, alisema, maana mapenzi yanaona vitu ambavyo havipo. Mama anasikia mtoto anakohoa anasema kaniita. Mwalimu naye haaminiki, maana anataka kusifiwa. Shahidi wa lengo lazima awe mtani, mtu ambaye kazi yake ni kukucheka, asiyeona haya kukwambia mwanao kashindwa, na wewe ukakosa haki ya kununa. Jirani yetu wa ng'ambo ya kiwanja ni fundi cherehani, Mmakonde, mdomo wake haufungi. Yeye ndiye akawa shahidi wa Saida, na nyumba yake ikawa ndiyo nyumba ya chumvi. Akapewa masharti: mtoto akija na kikombe mtilie chumvi, usimsemeshe, geukia cherehani yako. Kwa fundi yule, kunyamaza ndiko kulikuwa kugumu.

Mwanzo ulikuwa kichekesho. Mimi nilimpa Saida kikombe, nikamgeuza uso kuelekea kwa fundi, nikamsukuma kidogo mgongoni. Akaenda. Kisha nikajifunika kanga ya mke wangu nikamfuata kwa kujificha, muuza nyama mzima, na mbuzi wa watu wakanifuata mimi. Saida alipita kwa fundi bila kumtazama akaelekea pwani. Siku nyingine akaingia nyumba ya kwanza aliyoiona, na huko ndiko tulikogundua adui wa lengo. Adui alikuwa wema. Watu wa Kivinje mtoto hatoki nyumbani kwao mikono mitupu, na wakimwona wameshampakulia. Alitoka na kikombe kutafuta chumvi, akarudishwa jioni na watu wanaombeba, amejaa wali, kashika mihogo ya kuchoma, na mara moja jogoo. Nyumba zote zilikuwa zinampa kila kitu, kwa hiyo hakuwa na sababu yoyote ya kurudi kwetu.

Mwalimu wa Kitengo akaitisha kikao cha mtaa. Akasimama mbele ya wazee na kusema, kwa sauti ya upole kabisa, kwamba anawaomba wawe na roho mbaya. Si kwa siku zote, ni asubuhi mpaka adhuhuri, na ni kwa Saida tu. Mtoto akiingia mtazameni, msimpe kitu, msimguse, muonyesheni mlango. Wazee walinung'unika sana. Mmoja akauliza dhambi yake ataibeba nani, na Mwalimu akajibu ataibeba yeye, Mkristo ameshazoea kutubu. Mjumbe wetu, ambaye hupenda kipaza sauti kuliko futari, akapita mtaani akitangaza kwamba wananchi wote mnaombwa kuwa wachoyo kwa mtoto wa muuza nyama. Mambo yakaharibika. Watu wakishaanza uchoyo kumbe unanoga. Mgeni kutoka Lindi aliomba maji ya kunywa katika nyumba tatu akaonyeshwa mlango, akaja buchani kwangu kuniuliza mji huu umepatwa na nini. Lakini Saida alianza kurudi. Nyumba zote zikawa ngumu, isipokuwa ya fundi yenye chumvi, na ya kwetu.

Yeye mwenyewe Mwalimu wa Kitengo alikuwa mtu asiyeelezeka. Aliwahubiria wazazi subira, lakini maji ya chai yakichelewa kuchemka anayanywa vuguvugu na majani yanaelea. Alikuwa Mkatoliki wa misa kila Jumapili, na Ramadhani alifunga yote, eti kwa sababu hawezi kupika mchana moshi wake ukatazamwa na watu wenye njaa. Alitufundisha kutuma watoto, na yeye ukimtuma hafai: mke wangu alimwomba amletee vitunguu sokoni, akarudi na ndoo mpya na habari za watu. Na mtu mzima yule alikuwa akiogopa paka kiasi cha kupanda juu ya meza.

Lakini alikuwa na jambo moja ambalo sijaliona kwa mtu mwingine. Kabla hajaushika mkono wa mtoto alisema hodi. Alikuwa anakaa chini mbele ya Saida, kiganja wazi, anasema hodi, na anasubiri. Mara nyingine anasubiri mpaka jasho linamtoka, yule asiyeweza kusubiri chai. Saida akimtazama hata kwa jicho moja, ndipo anamshika. Nilimuuliza kwa nini anajisumbua. Akasema hata hii nyumba yangu ya makuti watu wanaipigia hodi, sembuse mtoto. Tangu hapo nami nikaanza kupiga hodi kwa mwanangu. Mara ya kwanza aliponitazama nilitoka nje, nikasingizia moshi.

Mvua zikakatika na dada akaja. Alishuka na kanga mpya ya kumbebea mtoto, na chupa ya mafuta ya nazi ya kumpaka kule Tingi. Mke wangu alimpokea wifi yake kwa adabu, akaweka sufuria ya pilau jikoni, na machozi yakawa yanamdondokea kwenye vitunguu kabla hajavikata. Mwalimu wa Kitengo alikuja, na siku hiyo alipoingia hakunitukana, nikajua naye ana hofu. Dada akauliza kama mtoto anasema. Tukasema hasemi. Akauliza kama anaitika. Tukasema mara chache. Akafunua kanga.

"Dada," Mwalimu akamwambia, "anatumwa."

Dada akacheka, si kwa ubaya. Akasema basi na aone. Mke wangu akampa Saida kikombe, nikamgeuza uso, akatoka. Tukakaa. Kwa fundi ni hatua chache tu, lakini mtoto hakutokea. Pilau likaanza kushika chini na hakuna aliyeinuka. Dada alianza kusema polepole habari za maji ya bahari, na mimi nilikuwa nimeshika mkeka kwa mikono yote miwili nisije nikakimbia.

Kilichotokea ng'ambo tulikijua baadaye. Fundi alinusa pilau, akaona wakubwa wa ukoo wamekuja kutoka Tingi, akakata shauri kwamba nyumba ile ina shughuli rasmi. Na penye shughuli rasmi mtani ana haki yake: huteka kitu cha wenyewe, iwe jeneza, iwe bwana harusi, na hakiachi mpaka akombolewe. Kwa hiyo fundi akamtilia Saida chumvi kama alivyoapa, kisha akamkamata mkono, akakaa naye mlangoni akingoja tumletee sahani ya nyama. Alikuwa anafuata mila. Hakuna Mmakonde angemlaumu, na mimi siku ile ningemchinja.

Tulisikia kelele kabla hatujaona. Saida aliingia uani na kikombe cha chumvi mkono mmoja, hakuna punje iliyomwagika, na mkono wa pili amekamata ile futi ya kupimia nguo inayoning'inia shingoni kwa mafundi. Kwenye futi alikuwa fundi mwenyewe, ameinama, anavutwa kama mbuzi wa Idi, anaomba radhi kwa Kimakonde. Saida aliweka kikombe mbele ya mama yake. Futi hakuiachia mpaka fundi alipokaa.

Dada alimtazama fundi, akamtazama mtoto kwa muda mrefu, akaikunja kanga na kuiweka magotini. Kisha akasema, "Saida mwanangu, hebu niletee shangazi yako maji ya kunywa."

Nilitaka kumwambia hilo hajafundishwa. Mwalimu wa Kitengo akanifinya. Saida akachukua kikombe kingine, akatoka, akaenda mpaka kwa fundi, na akarudi na chumvi. Dada akaipokea kwa mikono miwili akamwambia ahsante. Akamtuma kipepeo cha moto, akaletewa chumvi. Akamtuma mto wa kuegemea, chumvi. Fundi alikimbia kwake kumhudumia, chumvi yake ikaisha akaanza kuazima kwa majirani, na wao, ambao walikuwa wameapishwa uchoyo, wakamkatalia. Dada alikuwa anatuma tu, machozi yanamtoka, anacheka, anatuma tena. Mwishowe Mwalimu wa Kitengo akasema kwamba muhula ujao tutaweka vitu viwili. Jioni dada aliondoka peke yake, amefunga chumvi katika pembe ya kanga mpya. Ule ua wenye komeo alisema atafugia bata.

Malengo yalifuata mengine, mlango wangu ukawa hauna nafasi. Saida alijifunza vitu viwili, kisha vitano, kisha akajifunza kukaa buchani na kufunga nyama. Kunena hajanena mpaka leo, na lile neno langu sijalisikia. Mwalimu wa Kitengo alihamishwa, na miaka mingi baadaye tukapata habari amestaafu, anakaa Lindi kwa mpwa wake na miguu inamsumbua. Habari hiyo niliwaambia watu wa nyumbani tukila, Saida akiwepo, ameinamia sahani yake.

Kesho yake asubuhi Saida alikata maini, sehemu nzuri kabisa, akayatia kwenye ndoo yenye kifuniko na barafu ya wauza samaki. Akaniwekea ndoo mkononi. Nikauliza ya nani. Akanishika mabega akanigeuza uso kuelekea barabara ya Nangurukuru, akanisukuma mgongoni. Nikasema bucha nitamwachia nani, nikakaa. Akaniinua, akanisukuma tena, na wateja wote wanacheka. Ndivyo nilivyofika Lindi na ndoo ya maini, bila kujua nyumba, nikiulizia mitaani Mmakonde mwenye matusi.

Nilimkuta amekaa barazani, miguu imewekwa juu ya kigoda. Nikasema hodi, akasema karibu, akaniuliza huku Lindi Wamwera wanaruhusiwa tangu lini.

"Umefuata nini?" akauliza.

"Nimetumwa."

"Na nani?"

"Na Saida."

Akafunua ndoo, akafunika, akafunua tena. Nilimwona anatafuta tusi, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu akalikosa. Akaniuliza alinitumaje, nikainuka nikamwonyesha jinsi nilivyogeuzwa na kusukumwa, akacheka huku analia na mpwa wake akatoka ndani kuangalia kuna nini. Chai ikaja. Nilikuwa nimechoka, na nilikuwa na habari nyingi za kumpa, za dada, za fundi, za mjumbe. Nikavua viatu. Akaniuliza gari la mwisho la kuelekea kwetu linaondoka saa ngapi, nikamwambia, naye akautazama ukuta penye saa.

"Vaa viatu," akasema.

"Mwalimu, ndiyo kwanza nimekaa. Nitalala hapa mjini, nitaondoka asubuhi. Mama yake nitampigia simu."

"Mama yake utampigia. Saida utamwambia nini? Yule hawezi kumuuliza mtu umefika wapi. Saa hizi amesimama mlangoni anaangalia barabara, na huenda anadhani ametuma mtu asiyejua kurudi. Vaa viatu, Mmwera."

Nikaiacha chai, nikavaa viatu nikiwa natembea.